Magharibi ya Meli

Kusmiyatin hakuweza kupokea kipuri bila kukiuliza kwao ni wapi. Mtunza bohari mwingine angekihesabu, angekipaka grisi, angekiweka kwenye rafu na kwenda kunywa kahawa yake. Yeye alikigeuzageuza mkononi, akakinusa, kisha akamsumbua aliyekileta: hiki kinakaa wapi ndani ya meli? Kikivunjika, kitu gani kitasimama? Na huyo aliyekichora, kwa nini alikitoboa hapa asikitoboe pale? Mafundi wa yadi walimtania kila siku. "Bu Kus," yaani Mama Kus, walimwambia, "pilipili usiyoila yakuwashiani?" Naye aliwajibu kwamba pilipili asiyoila ndiyo hasa anayotaka kujua imepandwa na nani.

Yadi yenyewe iko Surabaya, pale mji unapoishia na mlango wa bahari wa Madura unapoanzia. Aliingia humo akiwa msichana, akaajiriwa kuhesabu boliti, na miaka ikapita mpaka funguo zote za bohari ya vipuri zikawa zinaning'inia kiunoni mwake. Alipotembea zililia, na wavivu wakajua wakati wa kushika nyundo umefika.

Kati ya meli zote zilizozaliwa pale, aliipenda moja kuliko zote. Ilikuwa meli ya jeshi ya kusafirisha askari, magari na mashua za kuwashusha pwani. Jina lake rasmi ni refu, ila mafundi waliiita Mjamzito. Walikuwa na haki. Nyuma ina tumbo kubwa kama ukumbi wa harusi, na ndani ya tumbo hilo zimelala mashua. Ikifika inapokwenda, hunywa maji kwa makusudi, matangi yakajaa, sehemu ya nyuma ikazama taratibu. Lango la nyuma likishushwa, bahari inaingia ndani na mashua zinatoka zikielea kwa miguu yao wenyewe. Baadaye huyatema maji yote, ikanyanyuka na kuendelea na safari. Meli nyingine maji yakiingia watu hupiga yowe. Hii maji yakiingia watu hupiga makofi.

Kusmiyatin aliposikia habari hiyo mara ya kwanza alidhani wanamfanyia mzaha. Aliuliza huku, akauliza kule, na siku ya majaribio akaomba ruhusa kwenda kujionea. Aliporudi aliwasimulia hata walinzi wa geti.

Kingine kilichomshangaza ni michoro. Michoro ya kwanza ilitoka Korea, na meli ile yote ilikuwa imechorwa nusu. Bawaba imechorwa moja, kulabu imechorwa moja, na chini yake maandishi madogo: ya upande wa pili ni kinyume chake. Basi. Meli ina mbavu za huku na mbavu za huku, kwa nini kupoteza wino? Ila kinyume chake si sawa na vilevile. Kulabu mbili za lango la nyuma zinafanana kama kandambili: ukizipanga mezani ni pacha, ukizivaa vibaya hufiki mlangoni.

Aliyezichonga kulabu zile za kwanza ni Giran, mumewe. Kazi yake ilikuwa kuchonga umbo la kipuri kwa mbao ya msaji. Umbo likishindiliwa mchangani linaacha nafasi yake, na humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinamiminwa. Walijuana palepale bohari. Giran alikuja kuomba msasa, kesho yake akaja tena kuomba msasa, na msasa aliouchukua mwezi ule ungetosha kulainisha mlima. Binti yao Rukmi alishaolewa na kwenda zake Kalimantan, wakabaki wawili nyumbani, wakiitana Mama Rukmi na Baba Rukmi kama desturi.

Sasa, jambo moja kuhusu sisi watu wa Java. Kushoto na kulia tunawaachia wageni na gwaride la jeshi. Sisi tuna kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na mtoto anazijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Usiku Giran alimwambia mkewe, "Sogea kusini, unanibana." Mezani Kusmiyatin alimwambia mumewe, "Chumvi hiyo mashariki ya sahani yako, Baba Rukmi, ingekuwa nyoka ingekuuma." Ukisema kushoto, fundi wa Surabaya atakuuliza: kushoto kwa nani, kwako au kwangu? Lakini magharibi ni magharibi, hata ugeuke mara ngapi. Ndivyo tunavyojivunia.

Macho ya Giran yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alipokwenda hospitali, daktari kijana kutoka Jakarta alimuuliza ni jicho gani linalosumbua. "La mashariki," akajibu Giran. Daktari akakizungusha kile kiti chenye magurudumu kumwelekeza kwenye mashine, akauliza tena, jicho gani mzee? "Sasa limekuwa la magharibi," akasema Giran kwa utulivu. Kusmiyatin alicheka mpaka akatolewa nje. Lakini habari ya ukungu ule ilifika yadini, na watu wakaanza kuitazama mikono ya Giran kila aliposhika patasi.

Mwaka huo Mjamzito ilirudi kwa matengenezo, ikafungwa gatini. Kulabu moja ya lango la nyuma ilikuwa imepasuka. Ilikuwa bado inashika, kwa hiyo hawakuthubutu kuing'oa kabla mpya haijawa tayari. Kibaya zaidi, maumbo ya zamani ya mbao yalikuwa yameliwa na mchwa. Wakati huohuo kisiwa kimoja huko mashariki kilitikiswa na tetemeko, na ikaja amri kwamba meli ipeleke maji, mahema na madaktari mara tu lango litakapofungika vizuri.

Karatasi ya agizo ilisema kulabu ya kushoto. Kusmiyatin aliisoma, kisha, kwa kuwa karatasi haikuwahi kumshibisha, akaenda gatini kuangalia mwenyewe. Akaiona kulabu ilipopasuka, akaupapasa ufa wake, akauliza chuma kilikuwa na dosari gani, akarudi moja kwa moja hadi karakana ya mbao.

"Baba Rukmi, iliyopasuka ni ya magharibi."

"Ya magharibi," akaitikia Giran. Akautandika mchoro wa Wakorea, akauliza kama kuna chai, akaanza kuchonga. Hakuna aliyeitazama tena ile karatasi. Kwa nini waitazame? Neno lilishatoka kwa Bu Kus.

Siku ya kuifunga, kulabu mpya ilining'inia kwenye kreni iking'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Cak Sokib, kaka yetu mwendesha kreni, aliishusha polepole mpaka usawa wa pahali pake. Haikuingia. Akaipandisha, akaishusha. Haikuingia. Matundu yake yalitazama huku, ya meli yakatazama kule.

"Jamani," akapaza sauti Cak Sokib toka juu, "mmenipa kandambili mbili za mguu mmoja! Mnataka meli iende tetemekoni ikichechemea?"

Watu walicheka, halafu wakakumbuka nani aliyeichonga, wakaacha kucheka. Hapo ndipo alipofika Pak Tampubolon, bwana mhandisi mkuu wa matengenezo, Mbatak wa Sumatra mwenye sauti ya kuongelea milimani hata akiwa anakunong'oneza. Aliitazama kulabu, akamtazama Giran.

"Mzee wangu, niambie ukweli. Ulikuwa unaona vizuri ulipoichonga hii?"

Giran aliinua uso. Aliitazama meli kutoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma, akamtupia mkewe jicho, kisha akakitazama chuma chake. "Macho yangu si ya jana, Pak," akasema.

Pak Tampubolon alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, ila nyuma yake kulikuwa na amri na kisiwa kizima chenye kiu. "Basi tutamleta mwingine achonge. Wewe utapumzika getini, uandike magari yanayoingia. Kuanzia Jumatatu. Usinielewe vibaya, mzee."

"Nimekuelewa," akasema Giran.

Jioni nyumbani alikula wali wake na tempe ya soya bila kulalamika kuwa pilipili imezidi, na hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya. Baada ya kula alitandika kitambaa sakafuni, akazipanga patasi zake kwa ukubwa, akaanza kuzifunga.

"Unafanya nini, Baba Rukmi?"

"Nazifunga. Getini watu hawachongi."

"Na wewe umekubali tu? Umekaa kimya kama gogo!"

"Nimechoka, Mama Rukmi. Waache waseme wanavyosema."

Kusmiyatin aliogopa. Alimjua mtu huyu. Bila mbao mkononi angekaa kwenye kiti cha getini akipigia saluti malori, na kidogo kidogo angekauka. Aliogopa zaidi kwamba yeye mwenyewe Giran ameshayaamini maneno ya watu. Fundi akiambiwa macho yamekwisha, akaamini, vidole navyo huisha. Usingizi ulimpita, na kama kawaida yake, hofu ilipomzidi iligeuka kuwa swali. Kulabu ile ilikuwa safi. Alikuwa ameipapasa mwenyewe. Kingo zimenyooka, matundu yamekaa yalipochorwa. Mtu asiyeona anawezaje kukosea vizuri namna ile?

Asubuhi alipanda melini. Mabaharia walimjua, wakampisha. Alianzia mbele kwenye minyororo ya nanga, akashuka kwenye sitaha ya magari, akaulizia pampu, akaulizia matangi, akawachosha vijana wa watu. Alikuwa anatafuta kitu asichokijua. Wahenga walisema, uende tezi uende omo, marejeo ni ngamani, na kweli adhuhuri ilimkuta amesimama mle tumboni, penye lango na kulabu iliyopasuka, hana alichoambulia.

Mabaharia walikuwa wanatandika mikeka kuswali, wote wakielekea ukuta wenye ile kulabu mbovu. Kibla kwetu ni magharibi, kidogo kaskazini. Kusmiyatin aliamua naye aswali hapohapo, akarudi nyuma ya safu kujipanga. Akarudi hatua moja zaidi, mgongo wake ukagonga chuma.

Aligeuka. Ilikuwa ngazi, imechomelewa ukutani toka meli ilipokuwa mifupa mitupu.

Aliijua ngazi ile. Siku za ujenzi, meli ikiwa bado juu ya chelezo, lile jukwaa la nchi kavu inapojengewa, alikuwa akiwaletea mafundi boliti humu, na adhuhuri aliwakuta wanaswali. Walikuwa wakivua mashati yao yaliyolowa jasho na kuyatundika kwenye ngazi, na wakisimama kuswali ngazi ilikuwa mbele yao. Giran alikuwa akilalamika kila mara: Mungu atanisamehe, lakini sijdani nanusa kwapa la Sokib. Mbele yao! Na sasa ngazi ilikuwa nyuma, imemgonga mgongoni. Ngazi haikuhama. Kibla hakikuhama. Kilichogeuka ni meli.

Juu ya chelezo meli ilitazama kusini, mjini, ikiipa bahari mgongo, kwa sababu meli huteremshwa majini kwa tezi, nyuma ikitangulia. Magharibi yake siku hizo ilikuwa ubavu wa kulia. Sasa imefungwa gatini imetazama kaskazini, baharini, tayari kwa safari, na magharibi yake ni ubavu wa kushoto. Yeye alikuja gatini, akaona kulabu upande wa jua kuchwa, akasema ya magharibi. Giran akaisikia akiwa na meli yake ileile kichwani, meli ya chelezoni, akachonga ya kulia bila kukosea hata unywele. Swala ya Kusmiyatin siku hiyo, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye aliipokeaje.

Alimkuta Pak Tampubolon gatini, amekaa juu ya gurudumu la kamba anakula karanga za kuchemsha, akingoja waliokuwa wanaswali wamalize.

"Pak, macho ya mume wangu hayana kosa."

"Bu Kus, nakuhurumia, lakini—"

"Usinihurumie, nisikilize." Akamwelezea yote, chelezo, gati, ngazi, mashati, hata kwapa la Sokib. Alipomaliza, mhandisi alikuwa amesahau karanga mkononi.

"Magharibi?" akanguruma, ndege wakaruka. "Meli ina kushoto na kulia, mama! Dunia nzima! Hata samaki wanajua!"

"Samaki hawajakulia Java."

Pak Tampubolon alianza kucheka kicheko kilichomtikisa tumbo zima. "Nami tangu jana najiuliza," akasema akijifuta macho. "Kipofu hukosea ovyo ovyo. Yule mzee amekosea kwa ustadi. Ningeipeleka kulabu ile kwenye maonyesho." Kisha kicheko kikamtoka usoni, kwa kuwa alikuwa na ripoti ya kuandika na meli haijaondoka. "Lakini kuna mtu alisema hilo neno magharibi. Karatasi ilisema kushoto. Nani alimwambia mzee magharibi?"

Ulikuwa muda mfupi, lakini ulimtosha Kusmiyatin kuona mambo mengi. Angeweza kusema sikumbuki. Angeweza kusema ni desturi ya wote, na usingekuwa uongo. Funguo zilimwelemea kiunoni, na alizipenda funguo zile kuliko alivyowahi kukiri. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo wasemavyo watu, na yeye alikuwa amejikwaa wake hadharani, ila hadhara haikujua.

"Mimi," akasema.

"Itabidi niandike jina lako, mama. Huenda wakakuondoa bohari."

"Andika. Lina herufi nyingi, usiliharibu. Na lake ulifute, arudi kwenye patasi zake."

Alifika nyumbani kabla ya magharibi, funguo bado ziko kiunoni kwa siku hiyo angalau. Giran alikuwa barazani, na kile kitambaa chenye patasi kiko kando yake, kimefungwa kwa kamba. Kusmiyatin hakungoja hata kuvua viatu. Alimwambia kila kitu kwa pumzi moja, na alipofika pale penye "ni mdomo wangu, si macho yako," alijigonga mdomo kwa kiganja.

Giran alikuna kidevu. "Ulikwenda kumwambia Mbatak?"

"Nimemwambia."

"Kwamba ni wewe?"

"Sasa nimwambie ni nani, Baba Rukmi? Ni jini?"

"Ah," akasema Giran, akaguna kwa uchungu. "Umeniharibia."

Kusmiyatin alimtazama asielewe. Akamtazama tena, akaanza kuelewa, akakaa kitako.

"Ulijua."

"Nilijua pale Sokib alipoishusha mara ya pili. Niliitazama meli, nikaona imegeuza uso. Nikajisemea, aa, mama watoto ameiona hapa, mimi nimeichonga kule."

"Na ukanyamaza! Ukakubali kwenda getini!"

"Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Kwamba mke wangu hajui magharibi?" Alikasirika kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akifanya jambo la aibu. "Mimi macho yangu yatakwisha tu, Mama Rukmi, leo au mwakani. Jicho moja limeshakwenda. Lakini wewe ukiondolewa bohari, ukakaa hapa nyumbani, utamuuliza nani maswali? Utaniuliza mimi, asubuhi mpaka jioni. Bora geti."

Kusmiyatin alilia, akacheka, akampiga kofi la bega, akalia tena. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona ni mambo yao, akarudi ndani. Walikaa hivyo mpaka machozi yakakauka, na Giran ndiye aliyekumbuka kwamba kisiwa bado kinangoja maji na lango bado halifungiki.

"Kesho asubuhi nianze," akasema. "Hebu niambie basi, hiyo nyingine ni ya wapi?"

Kusmiyatin alifungua kinywa, neno likafika ulimini, akalimeza. Aliuchukua mkono wa kushoto wa mumewe, akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akaubana bila kusema kitu. Giran aliutazama kwa jicho lake lililobaki zima, akaelewa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba arudishiwe mkono wake ili azifungue patasi.